Tumjibu Mwenzetu kwa Alichokisema: Wakristo, Waislamu na Mwana wa Maryamu

(Hotuba iliyotolewa Magomeni, Dar es Salaam, mbele ya vijana, wazazi na walimu wa dini. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Waheshimiwa masheikh na maimamu, wachungaji na mapadre, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojaa mpaka barazani: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Mmenipa mada ambayo watu wa jiji hili huikwepa wakikaa pamoja, kisha huizungumza kwa ukali mkubwa kila upande unapokuwa peke yake. Tunakula pilau ya Idi pamoja, tunachangiana harusi, tunazikana, lakini mtu akisema tu, "Hivi ninyi mnaamini nini kuhusu Yesu?" kila mmoja anakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani. Nawapongeza walioandaa mkutano huu kwa kukataa kuwa na shughuli nyumbani.

Niseme mapema nimesimama wapi. Mimi ni Mkristo, Mlutheri niliyebatizwa utotoni, na kazi yangu ilikuwa kufundisha historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu. Siwezi kujifanya kwamba sina upande, na sitawaomba ninyi mjifanye hivyo. Nikieleza imani ya Mwislamu, nataka sheikh aliyekaa hapa mbele aweze kusema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini." Asipoweza kusema hivyo, anikatize hapo hapo.

Ninalotaka kulisema leo ni hili. Sehemu kubwa ya ubishi wetu kuhusu Yesu ni ubishi wa kujibu mambo ambayo mwenzetu hakuyasema. Mkristo anampinga Mwislamu ambaye hayupo, na Mwislamu anampinga Mkristo ambaye hayupo. Tukiwaondoa hao watu wawili wasiokuwepo, tofauti hazitaisha. Zitabaki, na ni kubwa. Ila angalau tutakuwa tumetofautiana kwa yale ambayo kweli tunatofautiana.

Nianze na mama.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameolewa Tandika na kijana wa Kiislamu, naye amebaki katika Ukristo wake. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa tisa, mama mkwe wake alianza kumletea tende kila asubuhi kwenye kisahani cha bati, na hakuondoka mpaka kokwa zote zirudi kisahanini. Mpwa wangu alidhani ni mambo ya lishe tu. Siku moja akauliza, "Mama, hizi tende zina nini?" Yule mama akashangaa. "Kwani ninyi kanisani hamkusomewa habari za Bibi Maryamu na mtende?" Akamsimulia: jinsi uchungu ulivyompeleka Maryamu kwenye shina la mtende, akiwa peke yake, akasema laiti angekufa kabla ya siku ile, jinsi sauti ilivyomwambia asihuzunike, kwamba Mola wake ameweka kijito chini yake, na kwamba akilitikisa lile shina zitamwangukia tende mbivu. Mpwa wangu akamjibu kwa habari alizozijua yeye: Bethlehemu, nyumba ya wageni isiyokuwa na nafasi, mtoto aliyevikwa nguo za kitoto akalazwa katika hori ya kulia ng'ombe. Mama mkwe akauliza, "Na huyo Yusufu ni nani?" Maana Kurani haimtaji Yusufu huyo.

Ndugu zangu Wakristo, ni wangapi kati yenu mnajua kwamba sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryamu? Ni wangapi mnajua kwamba huyo ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Kurani nzima? Katika Injili ya Luka, Mariamu anamuuliza malaika, "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Katika sura ya 3 ya Kurani, Maryamu anauliza swali lile lile: nitapataje mtoto na hakuna mwanamume aliyenigusa? Mwislamu anaamini kwamba Isa alizaliwa na bikira, kwamba ndiye Masihi, kwamba aliponya vipofu na wenye ukoma, na kwamba alifufua wafu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Mwislamu anayemtukana Isa ametoka katika Uislamu wake. Kwa hiyo mhubiri anayepanda jukwaani na kusema kwamba Waislamu hawamheshimu Yesu anamjibu mtu asiyekuwepo.

Lakini angalieni jinsi njia zinavyoachana hapo hapo kwenye kuzaliwa. Malaika wa Luka anahitimisha kwamba kwa sababu hiyo kitakachozaliwa kitaitwa kitakatifu, Mwana wa Mungu. Kurani inahitimisha vingine kabisa: mfano wa Isa mbele ya Mwenyezi Mungu ni kama mfano wa Adamu, aliyeumbwa kwa udongo, akaambiwa "Kuwa," naye akawa. Na mtoto mwenyewe, angali mchanga, anafungua kinywa kumtetea mama yake aliyeshutumiwa, na jambo la kwanza analolisema ni kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana hoja tunayoipenda sana sisi Wakristo, kwamba Yesu hakuwa na baba wa kibinadamu na kwa hiyo baba yake ni Mungu, haimsogezi Mwislamu hata hatua moja. Atakuuliza: na Adamu, ambaye hakuwa na baba wala mama?

Kukaribiana huku na kuachana huku hakukuanza jikoni Tandika. Takriban mwaka 615, Waislamu wa kwanza waliokuwa wakiteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo ambaye Waarabu walimwita Najashi. Makureshi, kabila la Makka lililokuwa likiwatesa, wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Wasimulizi wa sira, yaani habari za maisha ya Mtume, wanaeleza kwamba Jaafar bin Abi Talib, msemaji wa wakimbizi, alisoma mbele ya mfalme mwanzo wa sura ya Maryamu, na mfalme akalia mpaka ndevu zake zikalowa. Amr bin al-As, mjumbe wa Makureshi, hakukata tamaa. Kesho yake alirudi na mpango mwingine: "Ewe mfalme, waulize wanasema nini kuhusu Isa." Alijua pa kupiga. Jaafar angeweza kulainisha maneno. Mbele yake alikuwa na mfalme mwenye jeshi, na nyuma yake wanawake na watoto wasiokuwa na pa kwenda. Akajibu kama alivyoamini, kwamba Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake, Roho itokayo kwake na Neno lake alilompelekea Maryamu bikira. Najashi akaokota kijiti chini, akasema kwamba Isa hazidi hayo yaliyosemwa hata kwa kiasi cha kijiti kile. Majemadari wake wakaguna. Akawaambia: hata mkiguna. Zawadi za Makureshi zikarudishwa.

Mapokeo ya Kiislamu yanasema Najashi alikufa akiwa ameamini. Leo nawaachia wale majemadari, kwa sababu mguno wao ndio mada yetu. Waliguna kwa nini? Waliguna kwa sababu walisikia "mja" na "Mtume," na hawakusikia "Mwana."

Basi tuje kwenye hilo la Mwana, maana hapa ndipo watu wawili wasiokuwepo wanapopigana zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kila Mwislamu hapa, tangu akiwa na miaka minne au mitano, amesoma sura ya Ikhlas: Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hakuna anayefanana naye hata mmoja. Anaisoma katika swala, anaisoma kabla ya kulala. Anaposikia jirani yake akisema "Mwana wa Mungu," anachokielewa ni kwamba jirani amemwekea Mwenyezi Mungu mke, au amemgawa vipande, au amemchukua binadamu aliyekula na kulala akampandisha kwenye kiti cha Mola. Na kitu hicho, kwa Mwislamu, ni shirki, dhambi iliyo kubwa kuliko zote.

Sasa niwaulize Wakristo wenzangu: kuna kanisa lolote hapa Dar es Salaam, kubwa au dogo, la matofali au la turubai, linalofundisha kwamba Mungu alioa akazaa? Halipo. Mkatoliki anayeikiri Kanuni ya Imani Jumapili anasema "aliyezaliwa bila kuumbwa," na kuzaliwa huko anakokusema hakuna mke wala siku wala saa. Ni kwamba Neno la Mungu latoka kwa Mungu milele, na halijawahi kuwa kando yake. Yohana anaanza hivi: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Kisha anaongeza kwamba Neno huyo alifanyika mwili akakaa kwetu. Kwa hiyo Mkristo hasemi kwamba mtu alipanda akawa Mungu. Anasema kinyume chake, kwamba aliyekuwa Mungu alishuka akawa mtu. Mwislamu anaweza kulikataa hilo, na analikataa. Lakini alikatae hilo, asikatae habari za mke.

Na ninyi Waislamu mnaotusikiliza tukizungumza, msidhani kwamba Wakristo walipokea fundisho hili bila kulipigania. Mwaka 325, maaskofu waliitwa na Kaisari Konstantino katika mji wa Nikea, ambao leo uko Uturuki, kwa sababu padre mmoja wa Aleksandria aitwaye Ario alikuwa akifundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako. Mtaguso huo, yaani mkutano wa maaskofu, ukamkataa, ukatamka kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Vita haikuisha. Atanasio, mtetezi mkubwa wa Nikea, alifukuzwa mjini kwake mara tano, mara nyingine na makaisari waliojiita Wakristo. Mtaguso mwingine ulikaa Konstantinopoli mwaka 381, mwingine Efeso mwaka 431, mwingine Kalkedoni mwaka 451, na baada ya Kalkedoni makanisa ya Misri na Uhabeshi yakaachana na yale ya Roma na Konstantinopoli. Yote hayo yalitokea kabla Mtume Muhammad hajazaliwa.

Nimekwishasikia mara nyingi, katika kanda na siku hizi katika simu, msemaji wa Kiislamu akisema kwamba Yesu alipigiwa kura Nikea ndipo akawa Mungu, na kwamba Ario alikuwa Mwislamu kabla ya wakati wake. Kwa heshima zote, Sheikh, hapa huyo ndugu yako amekosea. Wakristo walikuwa wakimwomba Kristo miaka mingi kabla ya Nikea. Kilichobishaniwa pale ni namna ya kueleza uhusiano wake na Baba. Na huyo Ario, mkimpata leo mkamuuliza, atawaambia kwamba Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu, na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa njia yake. Je, kuna msikiti utakaomkubalia imani hiyo? Hakuna. Ario hawezi kukaa kwetu, na hawezi kukaa kwenu.

Upande wa pili nao una vituko vyake. Kuna mhubiri wa Kikristo anayefungua Kurani na kupiga kelele: "Kitabu chenu wenyewe kinasema Isa alipaishwa hai, na Mtume wenu amekufa na kaburi lake liko Madina, nani mkubwa?" Watu wanashangilia. Lakini mtu huyo hajamjibu Mwislamu yeyote. Katika Uislamu kupaishwa hai hakumfanyi mtu kuwa Mungu. Kurani inasema Idrisa naye aliinuliwa mahali pa juu. Na katika Biblia yetu wenyewe, Eliya alipaa mbinguni katika upepo wa kisulisuli, na hakuna Mkristo anayemwabudu Eliya.

Nije sasa kwenye msalaba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu hapa ndipo penye kina kuliko kwenye hilo la Mwana, ingawa hatupigi kelele sana hapa.

Ijumaa Kuu moja Wakatoliki wa mtaani kwetu walikuwa wakipita na Njia ya Msalaba. Kijana wa kwaya amebeba msalaba wa mbao za kweli, jasho linamtiririka, na wale wanaoigiza askari wa Kirumi wamejifunga khanga nyekundu kwa kukosa majoho. Nilikuwa nimesimama kibarazani. Mtoto wa jirani yangu, kijana mdogo wa madrasa, akaja kusimama kando yangu, akatazama mpaka msafara ukapita, kisha akaniuliza: "Babu Mwalimu, Mungu wenu alipokufa, dunia alimwachia nani?" Mama yake akamvuta sikio. Nikamwomba amwachie, kwa sababu swali lile lilikuwa limewahi kuulizwa na watu wazima wenye elimu.

Jibu la Kikristo ni kwamba Baba hakufa msalabani, na kwamba uungu haufi. Kalkedoni walisema Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mtu, zisizochanganyika wala kutenganishwa. Alikufa katika ubinadamu wake, na dunia haikukosa mwenyewe hata dakika moja. Mtoto wa madrasa hawezi kuridhika na hilo, na baadhi ya Wakristo nao hawaridhiki nalo. Lakini ndilo tunalolisema.

Na Mwislamu anasema nini? Sura ya 4 ya Kurani, aya ya 157, inawajibu watu waliojigamba kwamba wamemuua Masihi. Inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Na aya inayofuata inasema Mwenyezi Mungu alimwinua kwake. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba mtu mwingine alifanywa afanane naye, akasulubiwa yeye. Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, amekusanya riwaya, yaani masimulizi yaliyopokewa, zaidi ya moja, na katika mojawapo mtu huyo ni mwanafunzi aliyejitolea mwenyewe. Waahmadiyya, ambao tunao hapa nchini, wanasema aliwekwa msalabani lakini hakufia hapo, akasafiri na kufa baadaye Kashmir. Waislamu wasio Waahmadiyya wanalikataa hilo kabisa.

Kama mwalimu wa historia naulizwa: historia inasema nini? Tacitus, mwandishi wa Kirumi asiyekuwa rafiki wa Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa wakati wa Pontio Pilato, na karibu wanahistoria wote wa leo wanakubali kwamba Yesu wa Nazareti alisulubiwa. Wakristo wenzangu, msipige makofi. Hoja hiyo haimalizi kesi. Mwislamu atasema: ndiyo, waliotazama waliona mtu akisulubiwa, wakaripoti walichokiona, na Kurani inasema hivyo hivyo, kwamba walifananishiwa. Ushahidi wa macho hauwezi kuamua kati ya mtu na mfano wake. Na ninyi Waislamu, acheni kutuletea ile inayoitwa Injili ya Barnaba, inayosema Yuda ndiye aliyesulubiwa. Nakala zake zinazojulikana ni za Kiitaliano na Kihispania, za zama za karibu mno. Isitoshe, ndani yake Yesu anakana kwamba yeye ni Masihi, na Kurani yenu inamwita Masihi. Mtu hajengi nyumba yake kwa matofali yanayombomolea ukuta.

Lakini hata tungemaliza suala la ushahidi, tusingekuwa tumegusa jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: msalaba ni wa nini?

Mkristo anaamini kwamba dhambi ya Adamu ilitushika sote, kwamba mtu hawezi kujitoa mwenyewe katika hali ile, na kwamba Kristo alikufa badala yetu na kwa ajili yetu. Paulo anawaandikia Wakorintho bila kuficha: "kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure." Ondoa msalaba na kaburi lililo wazi, utabaki na mwalimu mzuri, lakini kanisa hutakuwa nalo. Sasa mfuate Mwislamu hatua kwa hatua. Katika Kurani Adamu alikosa, akafundishwa maneno ya toba, akatubu, akasamehewa. Basi. Deni halikurithiwa na mtu. Na Kurani inarudia kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Kama deni halipo, wa kulilipa ni wa nini? Kwa Mwislamu, msalaba unamdhalilisha Mtume mtukufu bila sababu, wakati Mungu anajulikana kwa kuwaokoa mitume wake: Ibrahimu alimtoa motoni, Nuhu alimtoa kwenye gharika, Yunus alimtoa tumboni mwa samaki. Kwa nini amwache Isa mikononi mwa maadui zake?

Mnaona? Mwislamu anamkinga Isa na aibu. Mkristo anasema aibu ile ndiyo aliyojichagulia, na katika Mathayo tunamsikia akilia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kauli hiyo moja inasomwa kanisani kwa machozi ya shukrani, na Mwislamu akiisikia inamthibitishia kwamba aliyekuwa pale hawezi kuwa Mungu, na pengine hakuwa hata Isa. Hapa hatujibu mtu asiyekuwepo tena. Hapa tunatofautiana kweli, juu ya mtu ni nani, dhambi ni nini, na Mungu husameheje. Na mimi sijui njia ya katikati ya kupita hapo. Kila ninapomsikia kiongozi akisema kwamba dini zetu zinafundisha kitu kimoja, namwelewa nia yake, lakini najua hajapita kwenye Ijumaa Kuu.

Sasa, tunaishije mji mmoja tukiwa na tofauti ya namna hiyo?

Hapa Magomeni sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Wazee wanakumbuka miaka ya themanini na tisini, mihadhara iliposhika kasi, Waislamu wakiifungua Biblia hadharani, Wakristo nao wakijibu kwa vipaza sauti vyao. Malalamiko yakapelekwa serikalini kwamba kwenye mihadhara Yesu anakashifiwa. Februari 1998, hapo Mwembechai, mambo hayo yaliisha kwa risasi za polisi, na watu wakafa. Sitaki leo kurudia nani alianza. Zipo familia zinazoishi na jambo hilo mpaka sasa. Nataka tuulize swali lililokuwa chini yake: Mwislamu akisema "Isa si Mungu," je, amekashifu?

Jibu langu, mimi Mkristo, ni hapana. Ameitamka imani yake. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa uhuru wa kuiamini na kuieneza, kama inavyonipa mimi uhuru wa kusema kwamba Yesu ni Bwana, kauli ambayo kwa jirani yangu ni shirki. Tukiziita kauli hizo mbili matusi, itabidi tufunge misikiti yote na makanisa yote. Kashfa ni kitu kingine: ni kumchekesha msikilizaji kwa mama wa Yesu, ni kuigiza swala ya watu kwa dhihaka, ni kusema kwamba Waislamu wanaabudu mungu wa mwezi, ilhali Wakristo wa Kiarabu kule Lebanoni na Misri humwita Mungu Allah katika misa zao. Anayesema imani yake anaweza kuirudia mbele ya sheikh au padre macho kwa macho. Anayekashifu huwa anahitaji umati wa watu wake mwenyewe.

Mmoja wenu ataniambia kwamba hayo ni ya kisasa, kwamba dini ya zamani haikuwa na adabu za namna hiyo. Someni habari za Wakristo wa Najran. Walitoka kusini mwa Arabuni kwenda Madina, ujumbe mzima ukiwa na viongozi wao, kujadiliana na Mtume Muhammad kuhusu huyu huyu Isa. Wasimulizi wa sira wanasema muda wa ibada yao ulifika wakiwa msikitini kwa Mtume, baadhi ya watu wakataka kuwazuia, naye akasema waacheni. Wakasali humo wakielekea mashariki. Mjadala haukuleta makubaliano. Ilifika mahali wakaitwa kuapizana, kwamba laana ya Mungu iwe juu ya mwongo, nao wakaona afadhali wasifanye hivyo. Wakafunga mkataba, wakarudi kwao wakiwa Wakristo.

Limebaki jambo moja ambalo vijana wameliuliza sana tangu asubuhi, la kurudi kwake. Ni kweli, wote tunamsubiri. Mapokeo ya Kiislamu yanasema atateremka kwenye mnara mweupe mashariki ya Dameski, na mmoja wa minara ya Msikiti Mkuu wa mji huo unaitwa mpaka leo Mnara wa Isa. Hadithi za Mtume zilizokusanywa na Bukhari na Muslim zinasema atakuja kuwa hakimu mwadilifu, atavunja msalaba na kuua nguruwe. Kisha, kwa imani ya Waislamu, ataishi, atakufa kama wanadamu wote, na Waislamu watamswalia. Mkristo anakiri kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na ufalme wake hautakuwa na mwisho. Kwa hiyo kijana aliyeandika kwamba "angalau kwenye kurudi tumekubaliana" arudie kusoma. Aliye njiani, kwa upande mmoja, anakuja kuuondoa msalaba, na kwa upande wa pili anakuja akiwa na alama za misumari mikononi.

Adhuhuri imekaribia na Sheikh amekwisha nionyesha saa. Karatasi za maswali ninazo hapa. La kwanza linauliza: kama utume ulikamilika kwa Muhammad, Isa atarudi akiwa nani? Swali hilo mmeniandikia mimi, lakini si langu. Nitampa Sheikh kipaza sauti tukitoka kuswali.